Kipa Huchukuliwa Mmoja

Juzi nilipeleka viatu kwa fundi, na alipofungua kopo la gundi ikanibidi nikae kwenye benchi lake. Ni ile gundi ya manjano ya kuunganishia soli na ngozi, ambayo harufu yake hupanda puani ikakaa nyuma ya macho. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani tu. Nilishangaa kusikia neno hilo likinitoka, maana sikukusudia Voi ninakoishi sasa, wala Changamwe nilikozaliwa. Nilikusudia vyumba viwili vya orofa ya tatu katika mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, ambako mikoba mipya ilipangwa mpaka darini na kila kitu, hata uji, kilinuka gundi.

Ninyi wa rika langu mliokulia Mombasa mnaikumbuka miaka ile ambayo kila mtaa ulikuwa na mama mmoja "aliyeenda China." Wa mtaa wetu alikuwa Mama. Alianza kwa kuleta mapazia, akahamia mikoba, na bibi aliyekuwa akitulea alipofariki, akatutumia tiketi tumfuate, mimi na dada yangu Wakio. Baba tulikuwa tumeshamzika zamani, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilipofika Guangzhou nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Wakio alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Mimi sikuenda shule yoyote kule. Wakio ndiye aliyekuwa shule yangu. Alinifundisha hesabu kwa zipu za mikoba, na kusoma kwa vibandiko vya katoni.

Wakio alikuwa kipa wa mpira wa magongo. Katika shule yake ya bweni kule Taita alidaka mechi mpaka za mashindano ya kitaifa, na akaja China na alama zake mwilini: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichopinda, na kovu kwenye ugoko lililokuwa na umbo la mdomo. Alikuwa mrefu kuliko Mama, na hakuwa na maneno mengi. Kila asubuhi aliegemea ukuta wetu kama aliyeketi kwenye kiti kisichokuwepo, akakaa hivyo mpaka mapaja yatetemeke, huku akinisomesha.

Mama alimjivunia mbele ya wateja. "Huyu ni mlinda lango," alikuwa akisema. "Vyuo vya Marekani vinatafuta walinda lango kama yeye. Vinawasomesha bure."

Sasa mimi lango nililolijua lilikuwa moja, geti la ghala la mafuta karibu na kwetu Changamwe. Pale palikuwa na askari aliyevaa kofia ngumu, ana rungu mkononi, na kazi yake ni kuzuia watu wasipite. Wakio naye alikuwa na helmeti. Alikuwa na gongo. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuuliza. Nilijua dada yangu anaenda Marekani kulinda geti la chuo kikuu, na niliona fahari, maana askari wa ghala lile aliogopwa hata na madereva wa malori.

Aliyeanzisha habari ya vyuo alikuwa Mzee Jaswant. Huyu alikuwa Singasinga wa Makupa, mzaliwa wa Mombasa, ndevu nyeupe, kilemba cha samawati, Kiswahili chake safi kuliko changu. Alikuwa na ofisi ndogo upande wa pili wa barabara ya Huanshi Zhonglu, karibu na daraja la watembea kwa miguu, na alinunua mashine kuukuu za ofisi zilizofika China ndani ya makontena ya vyuma chakavu. Zilizopona aliziuza Afrika. Ujanani alicheza magongo, na siku alipomsikia Mama akimtaja kipa, aliacha kikombe chake cha chai kikapoa.

"Kipa wa kike, urefu huu, na miguu inatii?" alimuuliza Wakio. "Binti yangu, usikae hapa kuhesabu mikoba. Makocha wa kule wanatafuta mpaka kwetu. Andika barua."

Barua ilipaswa kuchapwa. Mikahawa ya intaneti ilikuwepo tele, ila mwaka ule ilikuwa inadai pasipoti mlangoni, na Mama hakutaka pasipoti zetu zipite mikononi mwa watu. Ndipo Mzee Jaswant akatuletea mashine ambayo mnunuzi alikuwa hajapatikana.

Haikuwa kompyuta, na taipureta nayo haikuwa. Ilikuwa kitu cha katikati, kilichozaliwa kabla watu hawajaamua wanataka kipi. Ilikuwa na kioo chembamba kilichoonyesha mistari michache ya herufi za kijani, hivi kwamba ukitaka kuona ulichoandika juu, cha chini kinakimbia. Umeme wake ulikuwa wa Kimarekani, kwa hiyo ilitegemea transfoma iliyopata moto kama pasi na kunuka vumbi linaloungua. Umeme ukikatika kabla hujaiamuru ihifadhi, barua yote ilikwenda na umeme. Na ilikuwa na kamusi ya Kiingereza tumboni. Kila ilipokutana na neno isilolijua, ililia piip. Nairobi ilipita. Mwatate ikalia. Jina la Wakio ikalilia, na jina letu la ukoo ikalilia kwa namna ambayo niliona ni hasira.

"Inakataa jina lako," nilimwambia.

"Haikatai. Haijawahi kuniona, basi," Wakio alisema, na akaendelea kupiga vitufe ambavyo nusu yake herufi zilikuwa zimefutika.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi ilivyosahihisha makosa. Ilikuwa na utepe wa wino na utepe mwingine wenye ulimbo. Wakio akikosea na kuiambia irudi, kichwa cha mashine kilirejea nyuma kikigonga kila herufi tena, na herufi ikabanduka kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka pakabaki peupe. Ilikuwa inakula maneno yake yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi isikunjike, na nilisubiri kwa hamu Wakio akosee.

Alipeleka barua kwa makocha wengi. Mzee Jaswant alizituma kwa faksi ya ofisini kwake. Wengi hawakujibu. Kocha mmoja, mwanamke, alijibu kwamba anataka kumwona Wakio akidaka, kwenye mkanda wa video.

Hapo ndipo mambo yalipohitaji padi za miguuni, kwa sababu Wakio alikuja na helmeti na gongo tu; vilivyobaki vilikuwa vya shule. Mama alimchukua mpaka Shiling, mji wa mikoba, kwa basi, nami nikabebwa pia. Kiwanda alichonunulia Mama kilikuwa cha mwanamke mmoja mnene aliyependa kutuita kwa kupiga makofi. Mama alimwita laoban, yaani bosi, kama kila mtu alivyomwita. Mama alichora padi kwenye kipande cha katoni. Laoban akatazama mchoro, akatazama ugoko wa Wakio na kovu lake, akasema neno kwa wafanyakazi wake. Walikata sponji nene ya kujazia mikoba, wakaipanga tabaka juu ya tabaka, wakaivika ngozi bandia iliyokuwa imebaki kwenye oda ya mtu: ya zambarau, yenye magamba ya mamba. Wakatia mikanda ya mikoba na bizimu za rangi ya dhahabu. Wakio alipozivaa pale pale kiwandani, mafundi wote waliacha cherehani wakacheka, na laoban akampiga teke la ugoko kwa nguvu zake zote ili aone kama anaumia. Wakio hakuyumba. Mama alicheka mpaka akaketi juu ya marobota. Namkumbuka hivyo, amenyoosha miguu yake miwili mbele, visigino vikigongana kwa kicheko.

Jumapili asubuhi Mzee Jaswant alikusanya Wahindi na Wapakistani waliojua kushika gongo, wakacheza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala la mizigo. Wakio alikaa golini na mamba wake wa zambarau. Nilishangaa kidogo kwamba geti lenyewe halina mlango wala ukuta, nguzo mbili tu za ndoo zilizojazwa mchanga, ila nikajiambia haya ni mazoezi. Geti la kweli liko Marekani. Mpira mgumu ulikuja kwa kasi iliyonifanya nifumbe macho. Alikuwa akiupiga kwa mguu, kwa mkono, kwa kifua, mara moja kwa helmeti, na mshindo wake ulipasuka kama mbao. Wanaume wale walianza kwa kumhurumia. Saa sita ilipokaribia walikuwa wanampigia kwa hasira, na mpira haupiti. Mzee Jaswant alirekodi yote kwa kamera ya kuazima huku machozi yakimlenga, akisema ni jua.

Majira yale ndipo hali ilipoanza kubadilika mtaani. Polisi walianza kusimama kwenye daraja la Huanshi Zhonglu, wawili kila upande, na ukipita ulisikia neno moja: huzhao, pasipoti. Mwanzoni walisimamisha wanaume. Baadaye wakasimamisha kila mtu mweusi, mwenye mzigo na asiye na mzigo. Migahawa ikawa mitupu mchana. Watu waliacha kusalimiana kwa sauti. Wafanyabiashara walitumiana ujumbe wa simu, "mvua inanyesha darajani," na nilipotazama dirishani niliona jua kali, nikadhani watu wazima wa Xiaobei wamepoteza akili.

Viza yangu na ya Wakio zilikuwa bado na muda, kwa kuwa tulikuja nyuma. Ya Mama iliisha, na watu wa uhamiaji walipoombwa kuiongeza, mwaka ule walikataa. Mama alipaswa kuondoka. Lakini oda yake kubwa kuliko zote ilikuwa bado inashonwa Shiling, na akaamua kungoja ikamilike, ipakiwe, kisha aende zake uwanja wa ndege alipe faini na aondoke kwa heshima. Ni wiki chache tu, alisema. Alianza kutoka alfajiri, na baadaye akaacha kutoka kabisa. Wakio ndiye aliyekwenda sokoni, Shiling na kwa wakala wa mizigo. Barua alizichapa mchana mimi nikiwa nimeshika karatasi, na Mama akiwa amelala chali chini ya dirisha ili asionekane kutoka barabarani.

Jibu la kocha lilipofika, Mzee Jaswant alilileta mwenyewe. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu, nasi tukajua halijakamilika.

"Amekupenda," alimwambia Wakio. "Anasema miguu yako ameitazama mara tatu kwenye mkanda. Lakini yuko binti mwingine aliyeahidiwa kabla yako. Akikataa yule, nafasi ni yako."

"Na wa pili hawamtaki?" Mama aliuliza kutoka sakafuni. "Si timu ina watu wengi?"

"Mafowadi wanachukua wengi, mama. Mabeki wanachukua wengi. Kipa huchukuliwa mmoja. Golini hawasimami wawili."

Mama alijigeuza akalala ubavu. Kisha akasema, "Basi tumwombee huyo binti apate chuo kizuri zaidi."

Na kweli alimwombea. Sisi ni Waanglikana, na kila jioni kabla ya kula Mama aliomba kwa sauti ndogo, kwa sababu ya majirani. Alikuwa akimwomba Mungu amfungulie yule binti wa kizungu mlango mpana, mkubwa kuliko wa chuo kile, ili aende zake kwa furaha na asimdhulumu mtu. Alijitahidi sana asimwombee mabaya. Siku moja alijisahau akasema, "hata ugonjwa mdogo tu, Bwana," kisha akashtuka na kuomba msamaha katika sala ile ile.

Walikuja baada ya chakula cha mchana. Ujumbe wa simu haukutangulia, au labda ulikuja na Mama alikuwa amezima simu kubana chaji. Tulisikia buti kwenye ngazi, milango ya orofa ya chini ikigongwa, na lile neno: huzhao, huzhao. Mama alisimama katikati ya chumba akiwa na sahani mkononi. Wakio akaichukua ile sahani akaiweka chini polepole.

"Nenda kwa Mama Blessing," alisema kwa mnong'ono. Mama Blessing alikuwa jirani yetu Mnaijeria. Balkoni yake ilikuwa karibu na dirisha letu la jikoni, na katikati yake kulikuwa na chuma kinachobeba kiyoyozi. Watu waliwahi kupita pale. Nilishawahi kuona kijana akipita pale akicheka.

"Na nyinyi?"

"Sisi tuna karatasi, Mama. Nenda."

Mama alinigusa kichwani, akaingia jikoni. Wakio akaenda mlangoni. Alifungua kabla hawajagonga, akajisimamisha katikati yake, miguu imeachana, magoti yamelegea kidogo, viganja wazi. Nilikuwa nimekaa juu ya robota la mikoba na niliona vizuri. Sikuogopa hata chembe. Hili ndilo ninalolirudia mpaka leo: kwamba saa ile, kuliko saa zote za maisha yangu, nilikuwa mtulivu. Hii ndiyo kazi yake, nilijiambia. Hawa hawapiti.

Walikuwa watatu. Wakio alitoa pasipoti yake kwa mkono mmoja, taratibu, kisha yangu, na hakusogea. Aliwauliza kitu kwa Kichina chake cha sokoni. Mmoja alijaribu kuchungulia juu ya bega lake, Wakio akaegemea upande ule. Mwingine akajaribu upande wa pili, naye akahamia huko, bila kumgusa mtu, kama mchezo. Yule kijana kuliko wote karibu atabasamu.

Kisha tukasikia chuma kikilia upande wa jikoni, kilio kirefu cha skrubu zinazong'oka ukutani, na baada yake kishindo kule chini.

Wakio aliacha mlango. Sikuwahi kumwona akiacha lango lake, kwa mpira wa namna yoyote, na nilipomwona akigeuka na kuwapa mgongo ndipo nikaanza kulia. Polisi walipita kushoto na kulia kwangu. Yule kijana aliangalia dirishani mara moja tu, akakimbia ngazi mpaka chini, na nilipofika nilimkuta amepiga magoti kwenye lami amekishika kichwa cha Mama kisitikisike, kofia yake imeanguka, akipiga kelele watu waite gari la wagonjwa. Alikuwa analia pia. Mama alikuwa macho wazi. Alikuwa akiuliza kwa Kitaita miguu yake iko wapi.

Miguu ilikuwepo. Ni mgongo uliovunjika, na nyonga. Madaktari walifanya walichoweza, na polisi hawakumtia pingu kitandani; walisema akiweza kukaa ataondoka nchini, basi. Mama Blessing alipitisha kikapu, Wakenya na Watanzania wakachanga, na mwanamke wa Shiling, yule laoban, alikuja na supu ya kuku kwenye mkebe, akaketi kando ya kitanda akipigapiga shuka bila neno. Lakini katika hospitali za kule, mgonjwa huuguzwa na watu wake. Wao ndio wa kumwogesha, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda. Mama alikuwa na sisi wawili, na mmoja wetu alikuwa hajaota meno ya mbele.

Jibu la pili lilikuja wakati huo. Mzee Jaswant alitukuta kwenye ushoroba, mahali penye bomba la maji ya moto ambapo watu hujaza thamosi. Alimpa Wakio karatasi ya faksi. Wakio aliisoma huku maji yakijaa, yakafurika, yakamwagikia viatu vyake, naye hakufunga.

"Yule binti amekwenda chuo kingine," Mzee Jaswant alisema. Alifunga bomba yeye. "Nafasi ni yako. Wanataka jibu wiki hii, kisha uende ubalozini."

"Siendi, Anko."

"Usijibu na maji ya moto mkononi. Tutatafuta mtu wa kukaa na mama yako. Nitalipia mimi."

"Mtu gani? Wa kumgeuza Mama usiku, Mama akubali? Wa kumbeba kwenye ndege?" Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu nimwachie nani?"

Mzee Jaswant alitoa miwani akaifuta kwa ncha ya shati, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nafasi kama hii hairudi, Wakio."

"Najua haitarudi."

Tulikwenda nyumbani kubadilisha nguo. Vyumba vyetu vilikuwa kama tulivyoviacha, dirisha la jikoni wazi. Wakio aliwasha ile mashine, akangoja transfoma ipate moto, nami nikashika karatasi kama siku zote. Alichapa moja kwa moja bila kutazama kioo. Kiingereza changu kilikuwa kidogo lakini maneno ya kwanza niliyajua, kwa sababu alinifundisha yeye: alikuwa ameshukuru, na amekubali. Aliitazama karatasi ile. Kisha akaiamuru irudi, na kichwa cha mashine kikarejea kikigonga na kubandua, herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza sikufurahi kuiona ikila. Akaandika upya kwamba hawezi. Hakuandika sababu. Alipochapa jina lake, ikalia piip.

"Kwa nini huendi kulinda geti lao?" nilimuuliza.

"Geti gani?"

"La chuo. Huko Marekani. Si ndiyo kazi waliyokupa, kuzuia watu wasiingie?"

Aliacha mashine akanigeukia. Nadhani ndipo alipojua nilichokuwa nikikiamini siku zote, na kwa nini nilikuwa nimekaa kwa utulivu juu ya lile robota. Alianza kucheka, akaacha, akanivuta kifuani kwake. "Ni mpira tu, mdogo wangu," alisema ndani ya nywele zangu. "Ulikuwa mpira tu. Watu siwezi kuwazuia."

Jioni ile Mama aliuliza. Alikuwa na homa, lakini alikuwa anahesabu siku kichwani mwake.

"Wamejibu wale?"

Wakio alikuwa akimpaka mafuta mgongoni. Mkono wake haukusimama. "Wamejibu, Mama. Yule mwingine alikubali. Wamemchukua yeye."

Mama alifumba macho. "Sala yangu haikufika," akasema.

Nilifungua mdomo, na Wakio akanitazama juu ya bega la Mama. Nikaufunga.

Tulirudi Kenya kabla ya mvua. Oda ya Shiling ilifika Mombasa baada yetu, ikauzwa kidogo kidogo na shangazi, na ndiyo iliyotujengea nyumba ndogo kule Mwatate, isiyo na ngazi. Mama hakutembea tena. Wakio alipata kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi Voi, akawa anaenda asubuhi na kurudi jioni kumgeuza, kumwogesha, kumbeba nje aote jua, kwa miaka ambayo wenzake walikuwa wanaolewa. Gongo hakulishika tena. Shule yake ilimwita mara nyingi aje afundishe makipa na kila mara alikuwa na udhuru.

Na Mama aliendelea kuomba jioni. Hakuacha kumtaja yule binti. Mwaka wa kwanza alimtaja kwa uchungu, ungesikia meno yakisagana. Baadaye uchungu ulipungua. Akawa anamwombea kama mtoto wa jirani aliye safarini: asome, amalize, magoti yake yasiumie, mama yake amwone akihitimu. "Yule aliyepata nafasi ya Wakio," ndivyo alivyomwita mbele ya Mungu, kwa kuwa jina hakulijua. Nami kila jioni nilingoja kuona Wakio atafanya nini. Kila jioni alisema Amina.

Tulimzika Mama mwaka jana. Usiku wa kwanza baada ya wageni kuondoka tulibaki wawili mezani, chakula kimepoa, na hakuna aliyejua nani aombe. Nikamwambia Wakio yeye ni mkubwa. Aliinamisha kichwa. Aliomba kwa mpangilio wa Mama, kwa maneno ya Mama: walio safarini, wagonjwa, mvua. Alipofika kwa yule binti nilidhani ataruka.

"Na yule aliyepata nafasi ya Wakio," alisema, "popote alipo."

Niliinua macho. Mle ndani kulikuwa na sisi peke yetu, na hakukuwa na mtu wa kufichwa tena. "Dada," nikasema, "lakini huyo hakuwahi kuwepo."

"Yupo," alisema. Alikuwa bado amefumba macho. "Mimi nilikuwa wa pili. Nilipokataa, walimwita wa tatu."